Mizani, Potomita au Hadubini: Kuchagua Njia ya Kuchunguza Transpiresheni na Stomata katika Maabara ya Wanafunzi

Mwanafunzi anayetakiwa kuchunguza jinsi mmea unavyopoteza maji hukuta katika miongozo ya maabara njia nne au tano zilizopangwa pamoja kana kwamba zote zinapima jambo moja na hutofautiana kwa vifaa tu. Hali haiko hivyo. Potomita hupima maji yanayoingia katika tawi. Mizani hupima maji yaliyokwisha kutoka. Karatasi ya kloridi ya kobalti huonyesha upande wa jani unaotoa mvuke kwa haraka zaidi. Nakala ya ngozi ya jani iliyochukuliwa kwa rangi ya kucha huonyesha idadi na mpangilio wa stomata. Na utando hai uliobanduliwa kwenye jani, ukiwekwa chini ya hadubini, huonyesha kama stomata hizo zimefunguka au zimefunga. Anayechagua njia kabla ya kuandika swali lake kwa sentensi moja iliyo wazi huishia kupata takwimu safi zinazojibu swali ambalo hakuliuliza, na katika ripoti za wanafunzi nilizosahihisha, hilo limekuwa kosa zito kuliko kosa lolote la hesabu au la mchoro.

Transpiresheni ni kupotea kwa maji kutoka mmeani katika umbo la mvuke. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hupotea kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya mvuke huo hupita kwenye stomata, yaani vitundu vidogo vya ngozi ya jani ambavyo kila kimoja huzungukwa na seli linzi mbili. Ioni za potasiamu zinapoingia katika seli linzi, maji huzifuata kwa osmosisi na seli huvimba. Na kwa sababu nyuzi za selulosi zimeizunguka kila seli kama pete za pipa, huku ukuta unaoelekea kitundu ukiwa mnene kuliko ule wa nyuma, seli haiwezi kunenepa bali hurefuka na kujipinda, na hivyo uwazi hutokea katikati. Ioni zikitoka, maji nayo hutoka, seli hulegea na kitundu hufunga. Kwa hiyo yapo maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa tangu mwanzo: ni maji kiasi gani yanayotoka, na milango yanamopitia iko katika hali gani. Swali la kwanza ni la mizani na potomita, la pili ni la hadubini, na chombo cha upande mmoja hakiwezi kusimama mahali pa chombo cha upande wa pili.

Mizani na potomita

Kupima uzito wa mmea uliopandwa katika chungu ndiyo njia ya kale zaidi kati ya hizi. Stephen Hales wa Uingereza, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1727, alikifunika chungu cha alizeti kwa bamba jembamba la risasi ili maji yasipotee kupitia udongoni, kisha akawa anaupima mmea huo asubuhi na jioni. Leo bamba la risasi halihitajiki wala halifai. Mfuko wa plastiki unaofunika chungu chote na kufungwa kwa uzi kuzunguka shina, bila kulibana, unatosha. Kanuni haijabadilika hata hivyo: uzito ukipungua wakati udongo umezibwa, kilichoondoka ni maji yaliyopitia kwenye majani na shina.

Ubora wa njia hii ni kwamba mmea hauguswi. Mizizi iko mahali pake, mrija wa maji haujakatwa, na kinachopimwa ndicho hasa kinachoitwa transpiresheni. Wanafunzi makini huuliza kama usanisinuru hauongezi uzito na kuharibu hesabu, na swali hilo ni zuri, lakini mmea hupoteza molekuli mia kadhaa za maji kwa kila molekuli moja ya kaboni dioksidi unayoiingiza, kwa hiyo kosa linalotokana na usanisinuru ni dogo mno kuonekana kwenye mizani ya kawaida ya maabara. Kosa la kuogopwa ni mfuko uliofungwa ovyo, au tone la maji lililobaki kwenye ukingo wa chungu na kukauka katikati ya jaribio, kwa kuwa uzito wake huhesabiwa kuwa ni wa maji yaliyopita katika jani.

Udhaifu wake ni mwendo wa polepole, na hapa ndipo chaguo linapotegemea mizani uliyo nayo. Tuchukulie kwamba kitawi kidogo kinapoteza gramu 0.0047 kwa dakika. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 itaonyesha badiliko la kwanza baada ya dakika mbili hivi, na baada ya nusu saa utakuwa na tarakimu ya kuaminika. Mizani inayosoma hadi gramu 0.1 itahitaji takriban dakika 21 ili kusogea hatua moja tu. Mizani inayosoma gramu nzima itahitaji zaidi ya saa tatu na nusu kwa hatua hiyo hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba njia ya uzito haifai kipindi cha saa moja, soma kwanza kile kilichoandikwa kwenye mizani. Mara nyingi dawa ni kutumia mmea wenye majani mengi zaidi.

Potomita huwa na mvuto mkubwa kwa sababu kiputo cha hewa huonekana kikitembea ndani ya mrija mwembamba, na mwanafunzi hupata tarakimu ndani ya dakika kumi. Mfano wetu wa gramu 0.0047 kwa dakika unatokana na chombo hicho: kiputo kikisafiri milimita 60 kwa dakika 10 katika mrija wenye kipenyo cha milimita 1, eneo la tundu la mrija ni milimita mraba 0.785, ujazo ni milimita za ujazo 47.1, nao ni sawa na mililita 0.047 hivi. Mwendo ambao mizani duni isingeuona kabisa unaonekana hapa kwa jicho tupu. Zaidi ya hayo, tawi lile lile linaweza kuwekwa katika hewa tulivu, kisha mbele ya feni, kisha ndani ya mfuko wenye unyevu, yote katika mchana mmoja, na ulinganisho ukawa wa haki kwa sababu majani ni yale yale.

Lakini wepesi huo una gharama zake. Ya kwanza ni kipenyo cha mrija. Kwa kuwa ujazo hutegemea mraba wa nusu kipenyo, aliyeandika milimita 1.0 wakati mrija wake ni wa milimita 1.1 amekosea kwa asilimia 21 bila kujua, na hakuna marudio ya jaribio yatakayolifichua kosa hilo. Ninapendelea sana kuuweka kando mrija usio na alama na badala yake kuunganisha pipeti ya mililita 1 iliyogawanywa kwa mililita 0.01, ambayo husomwa moja kwa moja kwa ujazo; kiputo kitatembea polepole zaidi, lakini kila hatua yake itakuwa na maana.

Gharama ya pili ni uunganishaji. Tawi hukatwa chini ya maji, kwa mshazari, na kuingizwa kwenye mpira likiwa bado chini ya maji, kwa sababu hewa ikiingia katika zailemu, yaani mirija inayopandisha maji ndani ya shina, hukatiza safu ya maji, na tawi hufyonza kidogo kuliko kawaida au huacha kabisa. Majani yanatakiwa kubaki makavu. Maungio hupakwa mafuta ya mgando kwa nje, kamwe si kwenye mkato wa shina. Tawi lenye shina gumu kiasi hukaa vizuri ndani ya mpira. Shina laini la mmea mchanga hupondeka likikazwa na huvuja lisipokazwa. Ukiwa na mimea laini peke yake, usipoteze kipindi kizima ukipambana na uvujaji. Nenda kwenye mizani.

Gharama ya tatu ndiyo husahaulika zaidi. Potomita hupima maji yanayoingia, na maji yanayoingia hulingana na yanayotoka pale tu tishu za tawi zinapokuwa zimetulia. Tawi lililoanza kunyauka likiwekwa kwenye maji hufyonza ili kujaza upungufu wake, na mwanafunzi huandika transpiresheni kubwa ambayo haikuwapo. Vivyo hivyo taa ikizimwa, stomata huanza kufunga na mvuke hupungua, lakini kwa muda kiputo huendelea kwenda kwa sababu seli bado zinajaza maji ziliyopoteza. Subira ya dakika 10 hadi 15 kila hali inapobadilishwa, pamoja na kurudia usomaji hadi tatu mfululizo zikaribiane, ni sehemu ya kipimo chenyewe wala haipaswi kukatwa ili kuokoa muda.

Liko pia jambo la joto. Niliwahi kuona kikundi kikiandika kwamba tawi lao lilikuwa likirudisha maji, kwa kuwa kiputo kilikuwa kimeanza kurudi nyuma. Mmoja wao alikuwa ameishika chupa ya potomita kwa viganja viwili ili isianguke, na maji yaliyomo, pamoja na hewa kidogo iliyonaswa chini ya kizibo, yalikuwa yakipanuka kwa joto la mikono. Walikuwa waangalifu na walisoma kwa usahihi kabisa. Kipimo walichosoma hakikuwa cha mmea. Tangu hapo, kila potomita ninayoisimamia hubanwa kwenye stendi, na kando yake huwekwa nyingine isiyo na tawi, yenye kijiti kikavu kilichozibwa, ili mwendo wowote wa kiputo chake utolewe kwenye hesabu.

Kwa anayetaka kuziona pande zote mbili kwa pamoja, ipo njia ya kati isiyosifiwa ipasavyo. Chukua silinda ndogo ya kupimia, itie maji, simamisha tawi ndani yake, kisha mimina juu ya maji tabaka jembamba la mafuta ili uso wa maji usitoe mvuke. Soma ujazo na uzito mwanzoni, kisha soma tena baada ya saa 24. Upungufu wa ujazo ni maji yaliyoingia katika tawi. Upungufu wa uzito ni maji yaliyotoka hewani. Na tofauti baina ya viwili hivyo ni maji yaliyobaki katika tishu au yaliyotolewa humo. Hakuna kiputo wala mpira wa kuvuja, na mwanafunzi huelewa kwa macho yake kwa nini kuingia na kutoka si neno moja. Kinachokosekana ni kasi, maana njia hii haiwezi kulinganisha feni na hewa tulivu katika kipindi kimoja.

Njia yoyote kati ya hizi ikichaguliwa, matokeo hayalinganishiki baina ya mmea mmoja na mwingine mpaka yagawanywe kwa eneo la majani. Mmea uliopoteza gramu 6.4 kwa saa 4 ukiwa na majani ya sentimita mraba 320 umepoteza gramu 0.005 kwa kila sentimita mraba kwa saa, na hiyo ndiyo tarakimu ya kuandika katika jedwali. Eneo hupatikana kwa kuchora jani kwenye karatasi ya grafu na kuhesabu miraba, au kwa kukata umbo lake kwenye karatasi na kulipima uzito. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita mraba ina gramu 0.008 kwa kila sentimita mraba, kwa hiyo umbo la jani la sentimita mraba 50 lina gramu 0.4. Amua mapema pia kama unahesabu upande mmoja wa jani au pande zote mbili, kwani ripoti isiyosema jambo hilo huacha shaka ya mara mbili.

Karatasi ya kobalti na majani manne

Karatasi iliyolowekwa katika myeyusho wa kloridi ya kobalti na kukaushwa huwa ya buluu, na ikipata unyevu hugeuka waridi. Ernst Stahl aliitumia kwa majani mwaka 1894. Vipande viwili vidogo hubanwa juu na chini ya jani kwa vioo vya hadubini, na muda wa kila kipande kubadilika rangi hulinganishwa. Kwa swali la upande upi unatoa mvuke zaidi, hakuna njia nyepesi kuliko hii, na jibu hupatikana kabla kipindi hakijafika katikati. Kwa swali la kiasi, njia hii haifai: karatasi kavu hunyonya mvuke na kuiacha hewa iliyogusana na jani ikiwa kavu kuliko hali yake ya asili, kioo huzuia upepo, na rangi husomwa kwa jicho ambalo kila mtu analo la kwake. Kloridi ya kobalti ni sumu na huweza kuleta mzio wa ngozi. Karatasi hushikwa kwa kibano, mikono huoshwa, na mabaki hukusanywa katika chombo chake badala ya kumwagwa kwenye sinki.

Anayetaka swali hilo hilo bila kemikali hiyo anaweza kutumia majani manne yanayolingana ukubwa: la kwanza lipakwe mafuta ya mgando upande wa juu, la pili upande wa chini, la tatu pande zote, la nne liachwe vivyo hivyo. Mkato wa kikonyo cha kila moja huzibwa kwa mafuta hayo hayo, kisha yote hupimwa, huning'inizwa kwenye uzi na hupimwa tena baada ya muda. Jani la tatu ndilo linalofanya jaribio liaminike, kwa sababu likipoteza uzito kwa kiasi cha maana, upakaji haukuwa kamili na majibu ya mengine matatu hayana mashiko. Ikumbukwe kwamba jani lililokatwa si jani lililo mtini. Katika dakika chache za mwanzo stomata zake huweza kufunguka zaidi kidogo, kisha hufunga kadiri jani linavyonyauka. Kipimo cha nusu saa ya kwanza na kipimo cha siku nzima hueleza hali mbili tofauti. Kati ya njia hizi mbili, mimi huchagua majani manne kila ninapokuwa na mizani ya gramu 0.01, na kobalti pale tu mizani inapokosekana.

Nakala ya jani na utando hai

Tukija kwenye milango yenyewe, watu wengi huanza na rangi ya kucha, na wana haki. Tabaka jembamba la rangi angavu hupakwa kwenye jani, huachwa likauke kabisa, kisha utepe wa gundi ulio angavu hubandikwa juu yake na kubanduliwa pamoja na nakala ya ngozi, na utepe huo hubandikwa kwenye kioo cha hadubini. Nakala haikauki wala haiozi. Darasa zima linaweza kuhesabu sampuli ile ile, na mwalimu anaweza kuitunza hadi mwaka unaofuata ili ilinganishwe na mpya.

Kuhesabu kunataka kipimo cha uwanja wa mwono. Lenzi ya macho yenye namba ya uwanja 18, yaani kipenyo cha uwanja wake kwa milimita kabla ya kugawanywa kwa ukuzaji wa lenzi ya chini, ikitumika na lenzi ya kukuza mara 40, huonyesha duara la kipenyo cha milimita 0.45, yaani eneo la milimita mraba 0.159. Stomata 12 ndani ya duara hilo ni karibu 75 kwa milimita mraba. Stomata 31 ni karibu 195. Majani mengi huwa kati ya 100 na 300, kwa hiyo tarakimu ya elfu kadhaa kwa kawaida ni dalili ya kosa katika eneo. Hesabu angalau nyanja kumi kwa kila jani, mbali na mshipa mkuu, na uweke kanuni ya stomata zinazokatwa na ukingo: zinazogusa nusu ya kushoto zihesabiwe, za kulia ziachwe. Bila kanuni hiyo, watu wawili wanaotazama kioo kimoja hawatakubaliana.

Hapa pana chaguo jingine dogo linalostahili kufikiriwa. Msongamano, yaani idadi kwa milimita mraba, hubadilika jani linapokua, kwa sababu seli hupanuka na stomata husogezwa mbali. Mwaka 1927 E. J. Salisbury alipendekeza fahirisi ya stomata: idadi ya stomata igawanywe kwa jumla ya stomata na seli za kawaida za ngozi, kisha izidishwe kwa mia. Stomata 12 kati ya seli 48 za kawaida hutoa fahirisi ya 20, nayo haibadiliki sana kwa kupanuka kwa jani peke yake. Unapolinganisha jani changa na lililokomaa, au jani la kivulini na la juani, fahirisi hukuambia kama mmea umeunda stomata nyingi zaidi au umezitandaza tu. Kazi ya kuhesabu seli za kawaida inachosha, lakini bila yake hitimisho la ulinganisho huo halina msingi. Aina hii ya kuhesabu imefika mbali: mwaka 1987 F. I. Woodward, akitumia majani yaliyohifadhiwa makavu kwa takriban karne mbili, alionyesha kwamba msongamano wa stomata ulipungua wakati kaboni dioksidi ya angani ikiongezeka.

Kile ambacho nakala haiwezi kukisema ni kama kitundu kilikuwa wazi. Kimiminiko cha rangi ya kucha kina viyeyushi vikali vinavyoua seli za ngozi na kubadili ujazo wake wakati rangi inakauka, kwa hiyo upana unaouona kwenye nakala unaweza kuwa wa baada ya kifo cha seli. Majani yenye vinyweleo vingi au nta nene hutoa nakala yenye mashimo na vivuli. Anayeandika kwamba stomata za mmea wake zilikuwa wazi kwa ushahidi wa rangi ya kucha amekiuka mpaka wa chombo chake, hata kama picha ni nzuri.

Kwa swali la kufunguka na kufunga kunahitajika utando hai. Jani hukunjwa hadi livunjike, na ngozi ya upande wa chini huvutwa taratibu kwa kibano ili ibanduke kama karatasi nyembamba isiyo na rangi ya kijani. Si kila jani hukubali. Mimea ya jenasi ya Commelina na Tradescantia hubanduka vizuri mno, na maharagwe ya Vicia faba hukubali kwa mkono uliozoea. Majani magumu ya miti mingi hukataa, na kuyalazimisha ni kupoteza muda. Utando huwekwa kwenye tone la maji, na sasa seli linzi huonekana zikiwa hai, na kloroplasti zake za kijani ndani.

Utajiri wa njia hii ni kwamba mwanafunzi anaweza kuziamuru stomata na kuona zikitii. Utando ukielea katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa milimola 50 kwa lita, wenye asidi hafifu, chini ya mwanga kwa saa mbili au tatu, stomata hufunguka. Ukihamishiwa kwenye myeyusho mzito wa sukari, maji hutoka katika seli linzi na kitundu hufunga mbele ya macho kwa dakika chache. Maabara yenye homoni ya asidi absisiki inaweza kuonyesha kufunga kwa amri ya mmea wenyewe, kwa maikromola 10 kwa lita, ambayo ndiyo ishara mmea hutumia wakati wa ukame. Upana hupimwa kwa rula ndogo ya lenzi ya macho, iliyolinganishwa kwanza na kioo chenye milimita 1 iliyogawanywa mara 100. Kila mgawanyo ni maikromita 10, na vitundu vingi havifikii upana huo. Hakuna mchoro wa kitabuni unaofundisha kazi ya potasiamu na maji kama dakika hizo chache. Udhaifu ni kwamba utando umetengwa na tishu za ndani ya jani, hautunziki, na unadai mkono mwepesi. Kikundi cha wanafunzi arobaini wenye hadubini nne kitapata shida.

Yafaa pia kuonya dhidi ya kutumia hesabu ya stomata kukadiria transpiresheni. Vitundu vilivyo wazi huchukua kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu ya uso wa jani katika mimea mingi, lakini jani huweza kutoa mvuke kwa kasi iliyo kubwa mara nyingi kuliko uwiano huo, jambo ambalo Brown na Escombe walilieleza mwaka 1900 kwa kuonyesha kwamba gesi ikipita kwenye vitundu vidogo, kasi yake hufuata kipenyo zaidi kuliko eneo. Jani lenye stomata nyingi zilizofungwa hupoteza kidogo kuliko jani lenye chache zilizo wazi. Idadi ni habari ya umbile. Haiwi habari ya mwendo mpaka upana, hewa na joto vijulikane.

Taa huleta mambo mawili kwa pamoja

Jambo moja huharibu majaribio ya potomita na ya mizani kwa kiwango kimoja. Mwanafunzi husogeza taa karibu na mmea, kasi inapanda, naye huandika kwamba mwanga umefungua stomata. Huenda ni kweli, lakini taa ya nyuzi huleta joto pia. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 60 ina kanieneo ya mvuke ya kilopaskali 1.40 hivi. Ndani ya jani lenye nyuzijoto 20 kanieneo ni 2.34, kwa hiyo tofauti inayosukuma mvuke nje ni 0.94. Jani likipashwa hadi nyuzijoto 25, kanieneo ya ndani hupanda hadi 3.17 na tofauti huwa 1.77, karibu maradufu, bila stoma hata moja kubadilika. Tumia taa ya LED, au weka chombo cha kioo chenye maji kati ya taa na mmea, na utundike kipimajoto karibu na majani. Feni vilevile huondoa tabaka la hewa yenye unyevu linaloganda juu ya jani, lakini ikiwa kali na ya muda mrefu jani hunyauka na stomata hufunga, na mstari wa grafu hushuka mahali ambapo mwanafunzi alitarajia upande.

Chaguo kwa hali mbalimbali

Kwa kipindi kimoja chenye swali la athari za upepo, unyevu au mwanga, chagua potomita yenye pipeti, tawi gumu kiasi lililokatwa na kuunganishwa saa moja kabla, na potomita ya pili isiyo na tawi kando yake. Kwa mradi wa siku mbili au tatu unaolinganisha aina za mimea, chagua mizani na vyungu vilivyofungwa, na usizidishe siku hizo kwa sababu mizizi inahitaji hewa. Kwa swali la upande wa jani, tumia majani manne, kisha thibitisha kwa rangi ya kucha kwenye majani ya mmea huo huo. Mtofaa na mwaloni una stomata upande wa chini tu, alizeti na mahindi pande zote, na yungiyungi la majini upande wa juu, kwa hiyo alizeti na mtofaa hufanya jozi inayoonyesha tofauti bila utata. Kwa swali la utaratibu wa kufunguka na kufunga, ni utando hai peke yake.

Ikiwa bajeti ya muda inaruhusu njia mbili tu, ningechukua mizani na nakala ya rangi ya kucha kutoka kwenye mmea ule ule, kipimo cha uzito kikitangulia, kwa sababu jani lililopakwa rangi haliwezi tena kupimwa mvuke wake. Poromita ya kisasa, inayobanwa kwenye jani na kutoa upitishaji wa stomata kwa milimoli kwa mita mraba kwa sekunde, ingeunganisha maswali yote mawili, na maabara iliyo nayo iitumie. Lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kuupima mmea kwa mizani wala kuona seli linzi ikilegea ataisoma tarakimu yake bila kujua inatoka wapi, na kwake ningeianza baada ya hizo nyingine, wala si kabla yake.